Chumba cha Seva Chenye Kitanda

Tangu nirudi, kila mmoja wenu ameniuliza swali lile lile: mtu ametumwa kupima soketi, anarudije na damu kwenye viatu na ugomvi na bosi? Nimechoka kusimulia vipande vipande, huyu habari za radi, yule habari za maziwa. Kaeni basi niwape yote kwa mkupuo mmoja. Mambo ya barua za ruhusa, mihuri na kuombea gari mafuta nitayaruka. Yalinichosha mara moja na hiyo inatosha.

Londiani hadi Kericho

Nyinyi ni rafiki zangu wa miaka mingi na hakuna hata mmoja anayeweza kueleza kazi ninayofanya. Mama yangu huwaambia watu kanisani kwamba natengeneza redio. Ukweli ni kwamba kabla hospitali haijaletewa kompyuta za kuandikia wagonjwa, lazima mtu aende aangalie kama kuna ukuta wa kupitishia nyaya, stima ya kuwasha mitambo, mtandao unaofika na chumba kisichovuja. Mtu huyo ni mimi. Wakubwa hupenda kuzindua kompyuta kwa kukata utepe, lakini sijawahi kuona mtu akikata utepe wa soketi.

Safari hii nilikuwa na jambo moja la kuamua. Hospitali na vituo vya eneo zima vingetumia seva moja, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza kumbukumbu za wagonjwa wote, na wafadhili walikuwa wametoa mtambo mmoja wa sola pamoja na betri zake ili seva isizimike. Waliouhitaji walikuwa watatu: hospitali moja karibu na Kabianga, nyingine upande wa Bomet, na kituo kidogo cha afya nje ya Chebunyo. Sitawataja kwa majina kwa sababu bado nataka kukaribishwa chai. Sharti la wafadhili lilikuwa kwamba betri zitawasha seva na chumba chake, si kingine chochote. Atakayepata seva angepata stima ya uhakika, na wengine wangebaki kuangalia mawingu. Bosi wangu, Gitau, aliniambia nichague ndani ya safari hiyo hiyo, nimletee mchoro wa chumba, na nisimletee hadithi.

Dereva alikuwa Rono, ambaye pia ni fundi wetu, Mkipsigis wa huko huko Bomet, mtu wa umri wa kuoa ambaye hajaoa na ana shangazi katika kila soko. Alinichukua nyumbani Londiani asubuhi akamkuta mama ameshapakia gunia la waru, yaani viazi, zawadi kwa wenyeji wowote tutakaowakuta. Rono aliuliza kama tunaenda kufunga kompyuta au kufungua hoteli. Nilimwambia watu wa mursik, yale maziwa yao ya kibuyu, hawana ruhusa ya kuwacheka watu wa waru, na tukaondoka hivyo, tukitupiana maneno kwa amani.

Hatukufika mbali. Lori la magogo lilikuwa limelala kiubavu likaziba barabara yote, na utingo wake alikuwa amekaa juu ya gogo akila mahindi ya kuchoma bila wasiwasi wowote duniani. Tulisubiri mpaka ukungu wote ukapaa. Juu ya gari letu kulikuwa na ngazi na mlingoti wa kupimia mtandao, na gari lenye ngazi katika nchi hii lina maana moja tu. Mzee mmoja mwenye koti zito alikuja dirishani kwangu, akasema transfoma yao imekufa tangu Krismasi na wametungoja sana. Nilimweleza kwamba sisi si watu wa stima. Alisikiliza kwa adabu mpaka nikamaliza, kisha akauliza kama tutaanza na nyumba yake au ya chifu. Rono alimaliza ubishi kwa kumjazia waru kwenye kofia. Mzee alishukuru, akasema basi atatutazamia kesho.

Kabianga: chumba cha chai

Tulilala Kericho, na asubuhi tukapita katikati ya mashamba ya chai hadi hospitali ya kwanza. Msimamizi wake alikuwa daktari kijana mwenye tai, na alikuwa amejiandaa kuliko mtu yeyote niliyewahi kumkagua. Alinipeleka moja kwa moja kwenye chumba kilichopakwa rangi mpya, chenye soketi za kutosha, dirisha la nondo na kitasa kizuri. Mlangoni alikuwa ameshabandika karatasi iliyoandikwa CHUMBA CHA SEVA. Sikuona kasoro. Kilichonishangaza ni wauguzi waliosimama verandani, kila mmoja na kikombe mkononi, wakiniangalia vile watu wanavyomwangalia dalali wa mnada aliyekuja kuchukua sofa.

Mpishi wao, Mama Chebet, ndiye aliyenifungulia macho. Alisema kile kilikuwa chumba chao cha chai tangu hospitali ijengwe, na daktari aliwatoa wiki iliyopita bila hata kuwaita mkutano. Nyinyi wa Nakuru hamwezi kuelewa uzito wa kosa hilo. Watu hawa wamezungukwa na chai, wanaiona ikipanda kilima na kushuka upande wa pili, lakini saa nne ikifika bila kikombe, hospitali inasimama. Mgonjwa anaweza kuwa amelala mezani tayari, ataambiwa angoje. Kuwanyang'anya chumba cha chai ili uweke kompyuta ni kutangaza vita, na daktari alikuwa amevitangaza kwa rangi mpya.

Mimi nikaendelea na kazi. Niliitia alama ya chaki soketi ya seva, nikachomeka kipimo changu cha kurekodi stima ya siku nzima, na daktari akakaa nami kuniahidi kwamba hapo kwake seva haitazimwa hata kwa dakika moja. Alikuwa katikati ya ahadi hiyo radi ya kwanza iliponguruma huko mbali. Hakuna aliyetoa amri. Karani alichomoa printa, mtu wa maabara akachomoa darubini yake, mlinzi akazunguka wodi hadi wodi akichomoa kila alichokuta, pamoja na kipimo changu. Daktari mwenyewe alipeleka mkono nyuma akachomoa kompyuta yake bila hata kukatisha sentensi. Niliangalia nje nikamwona Rono akikimbilia garini kuchomoa chaja ya simu, na gari lilikuwa limezimwa.

Wala si ujinga, msicheke. Msimu wa mvua radi hupiga huko karibu kila alasiri, na kila nyumba ina televisheni moja iliyokufa ambayo wenyewe huisimulia kama marehemu. Mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati, veranda haikukalika tena, basi wauguzi wote wakaingia chumba cha seva wakajipanga ukutani kwa raha. Mama Chebet aliingia wa mwisho na ndoo yake ya maji na heater ya kuchemshia. Aliichomeka kwenye soketi niliyoitia chaki. Hospitali nzima, kitu pekee kilichokuwa na stima kilikuwa chai. Nilimuuliza kama haogopi radi.

"Hii haiharibikangi, madam," akasema. "Hii ni chuma tu. Kunywa kwanza."

Nilikunywa vikombe viwili, na sijawahi kunywa chai nzuri zaidi ndani ya chumba nilichokuwa nakikagua. Kisha niliandika kwamba chumba ni kizuri sana, ila seva itachomolewa kila alasiri na nafasi yake kupewa ndoo. Daktari alinisindikiza hadi garini akinisihi kwa Kiingereza kirefu. Alipoona sijibu, alibandua karatasi yake mlangoni. Watu walipiga makofi, na nadhani hakuyapenda.

Bomet: vidole gumba

Njiani Rono alisema tupite kwa shangazi yake dakika tano. Tulikaa mpaka kuku akachinjwa, akapikwa na kuliwa. Nilimpa shangazi waru kwa mikono miwili, kama nilivyofunzwa nyumbani, na yeye akaniangalia kuanzia viatu hadi kilemba, akamwita jirani. Nikamiminiwa mursik kutoka kwenye kibuyu, maziwa mazito ya rangi ya kijivu yenye harufu ya moshi, kwa sababu ndani ya kibuyu husuguliwa kwa mkaa. Niliposita Rono alinong'ona ninywe yote. Nikanywa yote. Jirani akacheka kwa furaha na kuanza kuniuliza habari za wazazi wangu, ndugu zangu wako wangapi, na kama kwetu watu husimamia mila kwa ukali. Ni garini tu ndipo Rono alinieleza kwamba kwa shangazi, msichana aliyekuja na mwanamume, akaleta chakula na kumaliza mursik, hajaja kupima soketi. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akajibu kwamba shangazi alikuwa amefurahi sana, na kuku walishampika.

Hospitali ya Bomet ilikuwa kubwa, ya mawe, imekaa vizuri. Nimezoea hospitali zenye wauguzi wachache wanaokimbia. Hapa walikuwa wamejaa. Kila mlango ulikuwa na watu wawili waliosimama wima ndani ya sare zilizopigwa pasi, na mmoja aliniambia kwa sauti, bila kuulizwa, kwamba yeye huja kazini kila siku. Mwingine alikuwa amefunga bandeji kwenye kidole gumba. Nilipopita maabara nikaona mwingine tena akiwa na bandeji kama hiyo. Nilianza kufikiri wana ugonjwa.

Matron wao, mama mmoja mnene mwenye kicheko, alinivuta pembeni akaniuliza kwa upole mashine ya vidole itafungwa mlango gani. Hapo ndipo nilipoelewa. Walikuwa wamesikia kompyuta zinakuja, na kwao kompyuta ni kile kidude cha kubonyeza kidole gumba kinachojua umeingia lini na umetoroka lini. Hata waliokuwa likizo walirudi. Nilimwambia seva haijui kidole cha mtu. Alitoka nje akasema maneno machache kwa Kipsigis, na kabla sijamaliza kupima chumba kimoja hospitali ilikuwa imepungua nusu.

Nitasema ukweli: kila kitu hapo kilifaa. Chumba kilikuwa kikavu, nyaya za ardhini za kukinga radi zilikuwa zimefungwa na mtu anayejua kazi yake, na nyuma kulikuwa na jenereta mbili, zote zinawaka. Gitau alipopiga simu na kusikia hayo alisema nichague hapo hapo nirudi nyumbani, Chebunyo hakuna haja. Nilimuuliza matron kama wanahitaji betri kweli. Alifikiri kidogo akaniambia hapana, lakini zawadi haikataliwi. Jibu hilo halikuniridhisha. Nilimwambia Gitau mtandao ni mbaya simsikii, jambo ambalo lilikuwa uongo mtupu, kwa sababu nilikuwa nimeshika kipimo cha mtandao mkononi na kilikuwa kinanionyesha mistari yote.

Njia ya Chebunyo

Ukishuka kuelekea Chepalungu, upande wa Chebunyo, chai inakwisha, na vumbi linaanza. Ilikuwa siku ya soko la mifugo. Ng'ombe walikuwa wamejaa barabarani na wenyewe hawakuona sababu ya kuwaharakisha. Mfanyabiashara mmoja wa mbuzi alijaribu kutuuzia beberu kupitia dirisha la gari, na Rono alibishana naye bei kwa muda mrefu ingawa hatukuwa na pa kumweka.

Tulipoanza kujinasua tukakuta pikipiki imelala kando ya njia, gurudumu limepasuka. Mwenye pikipiki alikuwa ameinama juu yake, na chini ya mti wa miiba alikaa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa pamoja na mama mkwe wake, mwanamke mzee aliyejifunga leso kifuani. Mama mkwe aliona ngazi, akatuuliza kama sisi ni watu wa stima. Nilikuwa nimechoka hata kukana. Rono alimsalimu, akamwita gogo, yaani bibi kwa Kipsigis, na wakaongea kwa lugha yao. Kisha akanigeukia na uso ambao sikuwa nimeuona tangu tutoke Londiani.

Walikuwa wanampeleka binti Bomet kujifungua. Kituo cha Chebunyo, kile nilichokuwa naenda kukikagua, kilikuwa nyuma yao, karibu kabisa, na walikipita makusudi. Nilimuuliza gogo kwa nini, na yeye akanijibu mwenyewe kwa Kiswahili.

"Huko Sister ni mzuri, lakini hakuna taa. Stima ikipotea, anashika tochi na mdomo. Mtoto ya binti yangu ya kwanza alikosa pumzi hapo, na mashine iko, lakini stima hakuna. Huyu sitaki."

Binti alishika shina la mti na kuinamisha kichwa. Hata mimi ambaye sijazaa nilijua kwamba Bomet hatufiki, na soko zima la ng'ombe lilikuwa katikati. Rono alisema nyuma ya gari kuna betri. Ni ile tunayowashia mitambo yetu ya majaribio, nzito kama jiwe la kusagia, na jana yake ilikuwa imekaa kwenye chaja Bomet. Nilimweleza gogo kwamba tunayo stima yetu ndani ya gari. Aliniangalia, akaangalia ngazi, na nadhani ngazi ndiyo iliyomshawishi. Kwa mara ya kwanza katika safari ile nilishukuru kuonekana mtu wa stima.

Chebunyo: kile chumba

Sister Ednah, msimamizi wa kituo, ni mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Alikuwa amesimama langoni akitungoja na hotuba ya kukaribisha wageni, akaitupilia mbali alipoona nani tumembeba. Stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi. Chumba cha kujifungulia kiko ndani ya jengo la zamani la mawe, na vioo vyake vimepakwa rangi hadi juu ili watu wa soko wasichungulie, kwa hiyo mchana wa jua kali ndani kulikuwa giza la stoo. Mimi na Rono tuliingiza betri tukiyumba. Rono aliiunganisha na taa na ile mashine ya kumfyonza mtoto uchafu puani, akatoka mbio kabla mtu hajamwambia atoke. Mimi pia nilikuwa natoka.

"Wewe wa waya," Sister akasema, "shika taa hapa. Usitingishe."

Marafiki zangu, nilishika. Niliangalia ukuta kwa muda mrefu, nikasoma bango la chanjo lote mpaka chini, na bado nilisikia kila kitu. Viatu vyangu mmeviona. Mtoto alitoka kimya. Sister alinyoosha mkono kuchukua mpira wa ile mashine, na mashine ikaanza kuvuma. Nilijikuta naiangalia betri na kuiomba, mimi mtu wa vipimo, naomba betri isinife mikononi. Kisha mtoto akalia, kilio chembamba cha hasira, na gogo huko nje mlangoni akapiga vigelegele. Nilikaa chini sakafuni, taa ikiwa bado juu. Sister aliniambia nimefanya vizuri na niinue taa kidogo, hajamaliza.

Alikuwa msichana. Gogo alimwita Cheptoo, jina wanalopewa watoto waliozaliwa wageni wakiwa wamefika. Wageni wenyewe ni mimi na Rono. Rono alidai kwa haki kabisa mtoto angeitwa Betri.

Baadaye tulikaa nje na ugali, mboga za isagek na maziwa. Sister akarudia hotuba yake pale alipoiachia, na hakuwa mtu wa kunyenyekea. Aliniambia kituo chake ndicho bora katika kaunti na seva ingekuwa na bahati kukaa hapo. Alikuwa ameshatayarisha kitambaa cha kufuma cha kuifunika ili isipate vumbi. Nilimweleza kwamba ukiifunika itaungua, na tukabishana sana juu ya kitambaa hicho, kwa sababu alikuwa amekifuma mwenyewe. Niliposhinda, alikunja kitambaa akaniuliza swali la kazi.

"Niambie tu. Hiyo seva inataka chumba gani?"

Nilimtajia. Chumba kikavu, chenye kuta nene ili kisipate joto. Mlango wa kufungwa. Radi isiwe nyingi, na kwenye ukavu wa huko si nyingi. Mtandao uwe safi, na kituo kimekaa kwenye mwinuko, kipimo changu kilikuwa kimefurahi. Zaidi ya yote, kiwe chumba ambacho hakikosi mtu aliye macho, mchana na usiku, asije mtu akachomoa kitu.

"Hiyo ni maternity yangu unasema," akajibu. "Na betri itawasha nini?"

"Seva na chumba chake. Si kitu kingine."

"Taa ya chumba iko ndani ya chumba?"

"Iko."

"Na soketi?"

"Ziko."

"Basi andika, mama."

Rono aliacha kutafuna. Mimi nilitafuta kosa katika maneno yake, kwa sababu kazi yangu ni kutafuta kosa, na sikulipata. Seva ni kabati la chuma linaloweza kukaa pembeni nyuma ya pazia bila kumsumbua mtu. Nilitoa karatasi nikachora kile chumba nilichokuwa nimekitazama ukuta wake wote: mlango, dirisha, kabati la seva pembeni, soketi nne, taa. Katikati nikachora kitanda, kwa kuwa kilikuwepo, na mimi huchora kilichopo.

Kurudi Nakuru

Tulirudi kwa njia nyingine ili kukwepa shangazi. Hatukufaulu kumkwepa yule mzee wa transfoma, aliyekuwa amesimama palepale na majirani zake wote. Hata chifu alikuwepo. Nimemwachia Rono amalize hadithi hiyo kwa sababu yeye ndiye aliyepanda nguzo.

Gitau aliniita ofisini siku hiyo hiyo. Mchoro ulikuwa mbele yake, na kidole chake kilikuwa katikati ya mchoro.

"Wairimu, chumba cha seva kina kitanda cha nini?"

Nilimwambia cha kujifungulia. Alinikumbusha kwamba aliniambia nisimletee hadithi, nami nikamwonyesha kwamba huo ni mchoro. Alipandisha sauti. Aliuliza kwa nini si Bomet, na nikamjibu kwamba huwezi kumpa stima mtu mwenye jenereta mbili ukamwacha anayeshika tochi kwa meno, na kama anataka kunifuta kazi kwa hilo anifute. Alisoma vipimo vyangu vya Chebunyo kimoja baada ya kingine, radi, mtandao, unene wa ukuta, na hakukuta cha kukosoa, na hilo lilimuudhi zaidi. Mwishowe aliuliza kama kelele hazitaisumbua seva. Nilisema itazoea.

"Wafadhili hawataweka sahihi kwenye kitanda," akasema. "Kiondoe."

Nilirudi mezani kwangu nikakifuta. Mchoro ulipita hivyo, ukasifiwa kwa usafi, na wiki iliyopita betri zilifungwa. Seva yenyewe bado iko bandarini ikingoja karatasi fulani. Jana Sister Ednah alinipigia kunipa habari kwamba chumba cha seva kimezalisha wawili tangu mafundi waondoke, na stima ya mji ilipotea mara zote mbili wala hawakujua mpaka asubuhi. Nililia kidogo, kisha nikamuuliza kama amefunika kitu kwa kitambaa. Kwa wafadhili, katikati ya chumba kile hakuna kitu chochote.